Bonyeza Enter Uendelee: Fani ya Onyo la Feni Iliyokufa

Uhakiki wetu umezoea kukaa na riwaya, tamthilia na ushairi. Maandishi yanayotuamrisha kila siku, kama vile fomu, risiti, ujumbe wa benki kwenye simu na maneno ya mashine, huwa tunayapisha bila kuyauliza swali. Nayo yana fani. Yana msemaji na anayesemeshwa, yana mpangilio wa sentensi, yana toni, yana tamati. Tofauti ni kwamba shairi likisomwa vibaya hakuna kinachoungua.

Makala haya yanasoma matini tatu za aina hiyo: maonyo ambayo kompyuta huyatoa feni ya kupozea prosesa inapokufa. Nimechagua ya HP, ya Dell na ya Lenovo kwa kuwa ndizo kompyuta zinazokutana nawe katika saiba na maduka ya mitumba ya kielektroniki kuanzia mji wa Embu, ukipitia Runyenjes na Nkubu, hadi Makutano mjini Meru. Nyingi zilifanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo kabla ya kufika Kenya, na wauzaji huziita ex-UK hata pale zilipotoka kwingine. Feni zake zilikuwa zimezunguka maelfu ya saa kabla hazijaonja vumbi jekundu la miteremko ya Mlima Kenya. Swali langu kwa matini hizi ni moja. Fani yake inamsukuma msomaji afanye nini?

Kinachosimuliwa

Tuanze na kisa chenyewe, maana mhakiki asiyejua kisa hataona kilichoachwa nje. Prosesa hugeuza karibu umeme wote inaoutumia kuwa joto. Juu yake hukaa hitisinki ya alumini au shaba yenye mapezi membamba. Kati ya nyuso hizo mbili hupakwa peisti, kwa sababu chuma kinachoonekana laini kwa jicho kina mianya, na hewa iliyokwama kwenye mianya hiyo haipitishi joto vizuri. Alumini hupitisha joto maelfu ya mara zaidi kuliko hewa tuli. Kazi ya feni ni kuifukuza hewa iliyokwisha kupata moto kwenye mapezi na kuleta nyingine. Feni ikisimama, joto linabaki kutegemea mwendo wa polepole wa hewa inayopaa yenyewe.

Feni za kisasa za kompyuta za mezani huwa na nyaya nne. Wa kwanza ni hasi, wa pili hubeba volti 12, mmoja hupokea amri ya kasi, na mwingine hupeleka taarifa kwa madabodi. Huu wa taarifa ndio mwandishi wetu. Kila feni ikizunguka mara moja, hutuma mapigo mawili kupitia waya huo. Madabodi huhesabu mapigo, na yakikosekana au yakipungua kupita kiasi, onyo hutokea kwenye skrini.

Hapo pana tamathali ya kwanza, inayoshirikiwa na matini zote tatu: sehemu imewekwa badala ya kizima. Mzunguko wa feni umefanywa alama ya upoaji wote. Lakini feni inaweza kuzunguka sawasawa ilhali peisti imekauka, au pini moja ya hitisinki imelegea, au mapezi yamezibwa na vumbi, na prosesa ikachemka bila neno lolote kwenye skrini. Kinyume chake pia hutokea: waya wa taarifa ukikatika, skrini italalamika huku feni ikipuliza vizuri. Onyo limesoma mapigo. Joto halijalisoma.

HP: amri iliyokaa upande usiofaa

Onyo refu kuliko yote ni la kompyuta za mkononi za HP. Katika toleo linalojulikana sana, linasema hivi kwa Kiswahili: Mfumo umegundua kwamba feni ya kupozea haifanyi kazi ipasavyo. Kuendelea kuutumia hakupendekezwi, na kunaweza kusababisha mwenendo usiotabirika, ambao huenda ukaleta kuzimika kwa ghafla, kupotea kwa data au pengine madhara kwa mfumo. Mfumo utazimika baada ya sekunde 15. Ili kuuzuia usizimike na uendelee na kazi, bonyeza Enter sasa. Chini yake huandikwa jina la sehemu na namba ya msimbo, 90B.

Tazama kwanza msemaji. Mfumo unajizungumzia kwa nafsi ya tatu, kama karani anayesoma taarifa ya mtu mwingine. Kisha tazama ushauri: kuendelea hakupendekezwi. Nani hapendekezi? Kauli ya kutendwa imemficha. Halafu madhara yenyewe yamefunikwa kwa tabaka tatu za wasiwasi: kunaweza, huenda, pengine. Kila kinachomwambia msomaji asimame kimeandikwa kwa sauti ya mtu anayeogopa kushtakiwa.

Ghafla sauti inabadilika. Baada ya sentensi zote hizo za kusitasita, inakuja amri kamili, yenye kitenzi cha nafsi ya pili na kielezi cha wakati: bonyeza Enter sasa. Ndiyo amri ya pekee katika matini nzima, nayo inaamuru kuendelea. Upande wa usalama umepewa lugha ya uwezekano; upande wa hatari umepewa lugha ya mkuu wa kituo. Msomaji aliyelelewa shuleni kutii maagizo, anayetafuta ndani ya aya ile kitu cha kufanya, atakipata kimoja tu. Akikifanya, amelitii onyo kwa kulivunja.

Muda nao ni sehemu ya muundo. Sekunde 15 zinahesabiwa kwa matini ya Kiingereza yenye maneno takriban 50. Huo ni mwendo wa maneno 200 kwa dakika, kasi ya mtu anayesoma Kiingereza kwa ufasaha na bila kushtuka. Mteja wa saiba huko Maua au Siakago, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu baada ya Kimeru au Kimbeere na Kiswahili, atafika kwenye sentensi ya mwisho saa inapokaribia kuisha, bila nafasi ya kurudi juu kupima uzito wa yaliyotangulia. Taharuki imejengwa vizuri, ila inafanya kazi kwa faida ya kidole.

Mpangilio wa madhara unastahili kusomwa pia. Kuzimika kwa ghafla, kisha data kupotea, kisha mfumo kuharibika: ngazi hii inapanda kwa macho ya mwenye mashine. Lakini katika saiba anayesoma si mwenye mashine. Ni mteja aliyekuja kujaza ritani ya kodi ya mapato. Anafungua fomu ya Excel ya KRA, anajaza kurasa moja baada ya nyingine, kisha anaihakiki fomu ili itoe faili la kupakia iTax. Kwake yeye ngazi ni nyingine kabisa. Mashine kuharibika ni hasara ya mtu mwingine. Data kupotea ni alasiri yake nzima. Matini inasemesha msomaji mmoja, ilhali mbele ya skrini wamesimama watatu: mteja, mhudumu na mwenye saiba, kila mmoja akiwa na hofu yake. Wa nne ni fundi, na huyo ndiye pekee aliyepewa lugha yake mahususi, ile 90B ya mwisho, fupi na isiyo na pengine wala huenda.

Lililo kubwa kuliko yote limeachwa nje. Onyo hili hutokea mashine inapowashwa, kabla programu yoyote haijafunguka. Hakuna faili lililo wazi, hakuna fomu iliyojazwa nusu. Data inayotishiwa kupotea bado haijakuwepo. Ndiyo saa ambayo kutii hakumgharimu msomaji chochote isipokuwa kuhamia mashine ya pili. Sentensi hiyo ingemaliza shauri, na haimo.

Dell: onyo la jana

Kompyuta za mezani za Dell, hasa OptiPlex, hutumia mtindo mwingine. Moja ya maonyo yake linatamka tahadhari kwa alama ya mshangao, kisha linasema kulikuwa na hitilafu ya feni hapo awali. Chini yake zinafuata njia mbili: F1 ya kuendelea, F2 ya kufungua mipangilio.

Tanzu za maonyo kwa kawaida huelekea mbele: usiguse, utaumia. Hili linaelekea nyuma. Linaripoti tukio lililopita, huenda jana jioni, wakati mashine ilipokuwa kazini na feni ikasimama bila kusema. Kwa hiyo, kwa tanzu, ni kumbukumbu iliyovaa vazi la tahadhari. Faida yake ni kwamba inaziba pengo la HP: inatambua kuwa feni huweza kufa katikati ya kazi, na kwamba wakati huo skrini haikusema kitu. Hasara yake ni kwamba habari ya zamani haimsukumi mtu leo. Mhudumu anayefungua saiba saa mbili asubuhi husoma kuwa jana kulikuwa na shida, huona mashine imewaka, huhitimisha kuwa shida imekwisha.

Mpangilio wa njia unakamilisha kazi. F1 imetangulia, na F1 ni kuendelea. F2 inafuata, na huyo anayeibonyeza hukutana na kurasa za mipangilio zisizomwambia afanye nini na feni. Njia ya tatu, ya kuzima, haijatajwa. Katika ushairi wa Kiswahili kibwagizo hupata nguvu kwa kurudiwa; hapa kurudiwa kunaua nguvu. Onyo lile lile likionekana kila asubuhi kwa wiki mbili, na kila asubuhi F1 ikafungua mlango, linakuwa ada ya kuwasha mashine, sawa na kupangusa kibodi. Hatari haijapungua. Kilichopungua ni msomaji.

Lenovo: maneno mawili na giza

Kompyuta za mkononi za ThinkPad zimechukua njia ya ufupi. Skrini inaandika kwa Kiingereza maneno mawili tu, hitilafu ya feni, kisha mashine inajizima. Hakuna kitenzi, hakuna nafsi, hakuna wakati, hakuna sababu wala ahadi ya madhara. Hakuna hata salamu ya tahadhari.

Kwa mizani ya fani, hii ndiyo matini kamili kuliko zote tatu, kwa kuwa ndani yake kusema na kutenda ni kitu kimoja. HP inatisha halafu inakupisha. Dell inakumbuka halafu inakupisha. ThinkPad haitishi, inafunga. Msomaji hawezi kulitafsiri vibaya onyo ambalo tayari limetekelezwa. Prosesa inalindwa, na mwenye saiba, hata kama anakasirika, ameokolewa asijidanganye.

Hata hivyo, ufupi huu una ukatili wake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu aliyewasha mashine usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu anaachwa mbele ya kioo cheusi bila kujua kama faili lake li hai. Li hai. Diski haihusiki na feni ya prosesa, na inaweza kutolewa na kusomwa kwenye mashine nyingine. Sentensi moja ya kumwambia hivyo ingemtoa mtu kwenye kiherehere. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya modeli kuna mlango wa nyuma: kitufe cha Esc kikibonyezwa wakati onyo linaonekana, mashine huendelea kuwaka. Skrini hailitaji hilo. Wanalijua mafundi. Matini iliyojionyesha kuwa haina mlango ina mlango wa wenyeji peke yao, na hapo ufupi wake unageuka siri ya kazi.

Tishio na ukweli

Mhakiki ana haki ya kuuliza kama tishio la matini ni la kweli. Mwaka 2001 jarida la mtandaoni la Tom's Hardware lilitoa video ambayo hitisinki iling'olewa juu ya prosesa nne wakati mchezo wa Quake III ukiendelea. Hilo ni jambo kali kuliko feni kusimama, lakini linafundisha kuhusu tamati. Prosesa mbili za AMD ziliungua na kutoa moshi. Pentium III iliganda, ikanusurika. Pentium 4 ilipunguza kasi, mchezo ukawa wa kukokota, na hitisinki iliporudishwa ikarejea mwendo wake. Hizo ni tamati za aina tatu kwa kisa kimoja: maangamizi, kuganda, kupungua.

Vizazi vilivyofuata vimechagua tamati ya Pentium 4. Prosesa nyingi za Intel Core zina mpaka wa nyuzijoto 100. Zikiufikia, hupunguza kasi na umeme ili zisiuvuke. Joto likizidi kupanda licha ya hayo, kinga ya mwisho hukata umeme. Kwa hiyo mwenendo ambao HP inauita usiotabirika unatabirika kwa mpangilio: kwanza mashine inakuwa nzito, kisha inakuwa nzito zaidi, kisha inazimika. Mteja akielezwa mfuatano huo ataweza kuusoma mwenyewe pale kishale cha mausi kinapoanza kukwama, na atahifadhi kazi yake kabla ya hatua ya tatu. Akiambiwa kuwa mambo hayatabiriki, hana cha kutazamia.

Hilo halimaanishi kuwa prosesa kujilinda kunatosha. Kuna vitu jirani visivyojilinda. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita za madabodi kwa takriban nusu. Betri ya kompyuta ya mkononi nayo huchakaa haraka ikikaa kwenye joto. Madhara ambayo onyo linayaweka mwisho, na kuyavika neno pengine, kwa kweli ni ya hakika na ya polepole: hayaonekani siku ya kwanza, huonekana mashine inapokataa kuwaka miezi kadhaa baadaye, na hakuna atakayekumbuka ile Enter.

Kipimo kilichopo na kisichosemwa

Ndani ya prosesa za Intel kuna kihisi ambacho hakipimi joto kama kipimajoto cha zahanati. Kinahesabu nyuzijoto zilizobaki kabla ya mpaka. Kikisema 40, maana yake zimebaki 40 kufika ukingoni; programu ndizo zinazotoa hesabu na kuonyesha 60. Kimasimulizi, huo ndio mtazamo bora kwa onyo: unasimama mahali pa hatari na kumhesabia msomaji umbali uliobaki. Mfumo wa Linux nao huandika joto hilo kwenye faili la kawaida, kwa sehemu za elfu, hivi kwamba 61000 ni nyuzijoto 61. Kipimo kipo, kinaandikwa tena na tena, na mtu yeyote anayejua kufungua faili anaweza kukisoma.

Matini zetu tatu hazikigusi. Zinasema feni imekufa, yaani chanzo, na zinanyamazia joto lenyewe. Tena hazijui ziko wapi. Mji wa Meru uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Embu karibu mita 1,350. Kwa mwinuko huo, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15 katika joto lile lile, kwa hiyo feni ile ile kwa kasi ile ile husukuma hewa pungufu. Lakini baridi hulipa deni: chumba kikipoa kwa nyuzijoto 10, prosesa nayo hupoa kwa karibu kiasi hicho. Mwisho wa kuwasilisha ritani ni tarehe 30 Juni, na msimu wa baridi na ukungu wa Mlima Kenya huwa umeanza. Feni iliyochoka inaweza kuuvuka mwezi huo ikiwa na umati mbele yake, kisha ikaanguka Februari, jua likiwaka na vumbi likiingia kwa kila mlango uliofunguliwa. Kule chini Mbeere, Kiritiri na Ishiara, hakuna hata hiyo rehema ya Juni. Onyo lenye namba ya nyuzi zilizobaki lingeweza kubeba tofauti hizi zote bila kuongeza neno. Onyo lisilo na namba linasema jambo lile lile Ishiara saa nane mchana na Nkubu alfajiri.

Fundi na swali la kwanza

Kuna simulizi nyingine ya kifo cha feni inayosikika katika miji hii, nayo ni ya mdomo. Fundi hapokei mashine kwa tamko. Huipokea kwa swali: "Mama, ilianza kupiga kelele lini?" Kisha: "Inazima ukiwa unafanya nini?" Kisha huweka kiganja kwenye tundu la hewa, au sikio karibu na boksi, na kuuliza kama mashine huwekwa juu ya kitanda au meza.

Huu ni muundo tofauti kabisa. Onyo la skrini linaanza na hukumu na kuishia na kitufe. Fundi anaanza na wakati uliopita wa msomaji mwenyewe, na kumfanya awe shahidi. Beringi ya feni ikiisha mafuta huanza kukoroma muda mrefu kabla haijasimama, nyakati nyingine kwa wiki nyingi, hasa asubuhi mashine inapowashwa ingali baridi. Kelele hiyo ni onyo la kweli lenye nafasi ndefu kuliko sekunde 15, na halihitaji Kiingereza. Swali la fundi linamfundisha mwenye mashine kwamba alilisikia na hakulisoma.

Maagizo yake pia yana amri mahali panapofaa. Mashine ya mezani ikilazimika kumaliza siku, fungua ubavu wa boksi na uelekeze feni ya mezani ndani. Kwenye Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa; hata kukiweka asilimia 99 huzima ile kasi ya ziada inayozalisha joto jingi, na asilimia 50 hupoza zaidi. Funga vichupo vya kivinjari visivyotumika. Hifadhi kazi kwenye flashi kila baada ya ukurasa. Usiiache ikifanya kazi peke yake. Jioni, puliza vumbi kwa bloa huku ukizuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, futa peisti ya zamani, paka mpya, na uweke feni yenye kipimo na plagi ile ile. Kwa kompyuta ya mkononi, feni lazima iwe ya modeli hiyo hiyo, na mpaka ipatikane mashine ikae kabatini. Ni matini ndefu, lakini vitenzi vyake vyote vimeelekea upande mmoja.

Onyo ambalo lingefaa

Uhakiki unaoishia kulaumu ni nusu ya kazi. Ningekuwa mwandishi wa skrini hiyo, ningeandika hivi: Feni ya mashine hii imekufa. Hujaanza kazi, kwa hiyo ukiizima sasa hutapoteza kitu. Izime, hamia nyingine, mwite mhudumu. Ukilazimika kuendelea, itakuwa nzito kwanza, kisha itazimika. Ikianza kuwa nzito, hifadhi kazi na utoke. Mafaili yaliyo kwenye diski yako salama.

Mtu anaweza kusema kwamba mashine nyingi hazikubali maneno mapya. Kweli, skrini ya kuwashia haibadilishwi na mwenye saiba. Lakini karatasi inabandikwa. Maneno hayo machache yakichapwa kwa herufi kubwa na kubandikwa ubavuni mwa kila mashine, yatakuwa yamefika kwa msomaji kabla ya zile sekunde 15 kuanza kuhesabiwa. Na wapo wanaoweza kwenda mbali zaidi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, Chuo Kikuu cha Embu na Meru National Polytechnic vinafundisha vijana watakaoandika programu zenye maonyo ya kila namna: ya joto, ya malipo, ya dawa. Wanafundishwa kuandika msimbo usiokwama. Wafundishwe pia kuuliza amri iko wapi ndani ya sentensi zao, nani anasemeshwa, na namba ipi anayo msemaji lakini ameificha.

Hukumu yangu juu ya matini tatu ni hii. ThinkPad inalinda bila kufundisha. Dell inakumbuka bila kuonya. HP, yenye maneno mengi kuliko zote, imeweka amri yake ya pekee kwenye hatari, na maandishi ya namna hiyo humkinga aliyeyaandika kuliko anayeyasoma. Kwa hiyo wewe msomaji, siku utakapokutana na mojawapo ya maonyo haya asubuhi, usiguse Enter wala F1. Zima mashine, peleka kwa fundi, na ununue feni kabla hujanunua prosesa.